UPENDELEO WA ASKARI UANDIKWE KATIKA TANGAZO

Makambako ndipo barabara ya Songea inapoachana na ile ya Mbeya, na treni ya TAZARA hupita hapo hapo. Mji wa namna hiyo haukosi habari. Tangazo la kazi za halmashauri likibandikwa, iwe huko au Njombe mjini, vijana huulizana swali moja: safari hii watapewa nani? Waliopita JKT, jamaa za askari wastaafu, au wenye vyeti?

Sisi twasema waziwazi kwamba aliyelitumikia Taifa anastahili kufikiriwa. Kijana anayejitolea JKT hufunga mkataba wa miaka 2. Hulima, hujenga na hulinda, na mapema kabisa huambiwa kwamba Jeshi halimwahidi ajira. Akirudi nyumbani Wanging'ombe huwakuta wenzake wa darasa moja wamekwisha mtangulia. Kumkumbuka si dhambi hata kidogo.

Lakini akumbukwe mchana, si usiku. Wamarekani walipitisha sheria ya jambo hili mwaka 1944. Askari aliyetoka vitani aliongezewa alama 5 katika mtihani wa kazi za serikali yao, na aliyepata ulemavu 10. Baadaye sheria ilirekebishwa, akawa anaongezewa baada ya kufaulu, si kabla. Hesabu ile ilijulikana kwa wote, na aliyeshindwa alijua ameshindwa kwa alama ngapi.

Kwetu, kazi ya mlinzi hutaka mafunzo ya mgambo au JKT, na sharti hilo huandikwa. Hatujamsikia mtu akinung'unika. Manung'uniko huja kwenye kazi ya mtendaji wa kijiji, dereva au mtunza kumbukumbu, pale tangazo linaponyamaza kimya, kisha usaili ukiisha watu wananong'onezwa kwamba "waliangaliwa wa jeshini." Waliangaliwa na nani, na kwa kipimo gani? Chuo cha Hombolo humfundisha mtendaji utawala na uandishi wa mihtasari. Binti aliyeuziwa viazi vya baba yake gunia kwa gunia ili asome mambo hayo, kisha akapanda basi alfajiri na baridi ile ya Njombe kwenda kusailiwa, ana haki ya kujua.

Liko na jambo jingine ambalo wakubwa hawapendi kuliona. Maombi ya kujitolea JKT hupitia ofisi za wilaya na mkoa, na nafasi ni chache kuliko waombaji. Kama mlango ule wa kwanza ulifunguliwa kwa kujuana, basi alama za JKT kwenye mlango wa pili zitakuwa zinalipa kujuana kule kule. Kwa hiyo anayetaka upendeleo huu aanze kwa kuonyesha jinsi vijana wanavyochaguliwa kwenda huko makambini.

Na wazee wetu wa Kagera wasifanywe pazia. Kijana wa miaka 18 aliyekwenda kumtoa Amin mwaka 1978 amekwisha pita miaka 60, umri wa kustaafu, na matangazo ya kazi hizi kwa kawaida humtaka mwombaji asiyezidi miaka 45. Mzee huyo haombi kiti cha ofisi. Deni lake ni matibabu na matunzo ya uzeeni, nalo halilipwi kwa kumpa kazi mpwa wa mtu kwa jina la mashujaa.

Katiba yetu, ibara ya 22, yampa kila raia fursa sawa, kwa masharti ya usawa, ya kushika kazi iliyo chini ya Mamlaka ya Nchi. Basi halmashauri ikipata kibali cha kuajiri, tangazo liseme: aliyepita JKT ataongezewa alama kadha, askari mstaafu kadha, na hakuna atakayeongezewa kabla hajafaulu. Kama hakuna nyongeza, liseme hakuna. Na usaili ukiisha, majina yabandikwe ukutani pamoja na alama zake, Makambako na Njombe, wapitao wote wasome.