Mkwawa Alikuwa na Sura Gani?

Idd iliyopita mpwa wangu wa miaka minane alirudi kutoka Mnazi Mmoja amevaa kinyago cha plastiki cha Spider-Man, mpira umembana masikio na jasho linamchuruzika shingoni. Alikuwa na raha zake, nami sikuwa na ugomvi nazo. Nikamtania tu: "Shujaa wako ndiye huyo? Mkwawa umemwacha wapi?" Akakivua, akanitazama, akauliza: "Mjomba, kwani Mkwawa alikuwa na sura gani?"

Nikabaki kimya. Mkwawa ninayemjua mimi ni wa mtihani: Lugalo, Agosti 17, 1891, kamanda wa Wajerumani Zelewski na kikosi chake wakasambaratishwa; kisha Julai 1898, Mtemi huyo wa Wahehe akajipiga risasi kuliko kukamatwa. Tarehe zote ninazo. Uso wake sikuwahi hata kuufikiria.

Ajabu ni kwamba historia ya Mkwawa kwa sehemu kubwa ni historia ya kichwa kinachotafutwa. Wajerumani walikikata, fuvu likaandikwa katika Mkataba wa Versailles wa 1919 kwamba lirudishwe, na halikurudi Kalenga hadi 1954. Gavana wa Kiingereza, Twining, alipokwenda kulitafuta katika makumbusho ya Bremen alikuta mafuvu chungu nzima. Akalichagua kwa kulinganisha vipimo na vichwa vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai. Mimi na mpwa wangu nasi tukaiga njia hiyo, kwa upole zaidi: tukatafuta picha ya mjukuu wake, Adam Sapi, yule aliyekuja kuwa Spika wa Bunge, tukatazama paji la uso, pua na taya. Kisha tukachukua magazeti ya zamani na uji mzito wa unga wa ngano, tukaanza kazi ya kutengeneza kinyago cha Mkwawa.

Ilituchukua Jumamosi mbili, na moja kati yake ilikuwa ya kungojea jua. Kinyago chenyewe kilitoka na shavu moja limebonyea. Lakini maswali! Alikuwa na ndevu? Alikuwa anacheka? Aliogopa? Kama aliogopa, macho niyafanye vipi? Hakuna mwalimu aliyemtuma kuuliza. Mkono ulikuwa umeshika bandiko la karatasi na haukujua uliweke wapi mpaka ajue mtu yule alikuwa mtu wa namna gani.

Ndiyo maana nawaandikia, wazazi wenzangu, walimu, walezi wa vituo na ustadhi yeyote mwenye moyo. Julai 25 ni Siku ya Mashujaa. Mwaka huu, kabla ya siku hiyo, tuwape watoto wetu Jumamosi mbili watengeneze nyuso za mashujaa kwa mikono yao. Wenzetu wa Kenya wanayo yao Oktoba 20, na Mekatilili wa Menza, aliyewakusanya Wagiriama mwaka 1913 kwa ngoma ya kifudu, angewafaa sana.

Ufundi huu si wa kuazima. Kule uwanda wa Makonde, Newala na ng'ambo ya Ruvuma, lipiko, kinyago cha ngoma, huchongwa kwa mti mwepesi, si mpingo. Hufunika kichwa kizima kama kofia ya chuma. Nywele za mtu hubandikwa juu, na chale za usoni huweza kufinyangwa kwa nta ya nyuki. Wachongaji hao hawakuwahi kuwaonea haya wakubwa: bwana wa kizungu na askari wake nao walichongwa, wakachezwa, watu wakacheka. Lakini linalonivutia zaidi ni hili: mchezaji wa lipiko haoni kupitia macho ya kinyago. Anaona kupitia mdomo.

Nimelifikiria sana jambo hilo. Ukitaka kuvaa uso wa mtu, basi pitia kwanza alipokuwa akisemea. Mchukue Bibi Titi Mohamed. Picha zake zipo tele, sura yake haina taabu. Taabu iko mdomoni. Kabla ya TANU alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba hapa Dar es Salaam, na sauti hiyohiyo ndiyo iliyowatoa akina mama majumbani miaka ya 1950 kujiunga na chama. Baadaye alihukumiwa kifungo cha maisha kwa kesi ya uhaini, akasamehewa mwaka 1972. Sasa mtoto anayemtengeneza aulizwe: mdomo huu uwe wazi au umefumbwa? Sitaki kumjibia. Wawili wakitoa majibu tofauti, ndipo somo litakapokuwa limeanza.

Au Songea Mbano, nduna wa Wangoni, aliyenyongwa Februari 1906 pamoja na wenzake wengi wakati wa vita vya Maji Maji. Masimulizi ya Songea yanasema alipewa nafasi ya kusamehewa akakataa kuwaacha wenzake. Mtoto wa miaka kumi atayachora vipi macho ya mtu wa namna hiyo? Mie mwenyewe sijui, na nina mvi.

Niseme jambo kwa watakaonisuta. Lipiko lina miiko yake. Ni mambo ya jando, na zamani wanawake na watoto hawakutakiwa kujua kilicho chini ya kinyago. Kwa hiyo simwambii mtu awafundishe watoto kuiga mapiko. Tunajifunza wazo, siri tunawaachia wenyewe. Na wapo wazazi wasioridhia sanamu za nyuso kwa sababu ya dini. Waulizwe mapema, wasishtukizwe. Mtoto wao anaweza kutengeneza ngao, kilemba au kitambaa cha shujaa huyohuyo, na hadithi ikabaki nzima.

Vifaa havimtoi mtu jasho. Bakuli la plastiki lililofudikizwa ndilo umbo. Lipake mafuta kidogo ili kinyago kisigande. Chana magazeti vipande vyembamba, chovya kwenye uji wa unga wa ngano au wa muhogo, bandika tabaka baada ya tabaka, tano hivi, kisha anika. Ukiharakisha kitaoza kwa ndani na kunuka. Hilo nimejifunza kwa pua. Pua ya kinyago na nyusi fanya kwa karatasi iliyosokotwa. Rangi ni mkaa, majivu na udongo mwekundu. Nywele ni katani.

Nawaomba na mafundi wa Mwenge: alasiri moja tu, mje shule ya jirani na patasi zenu, watoto waone uso ukitoka kwenye gogo. Walimu walio karibu na Makumbusho ya Taifa, pale mtaa wa Shaaban Robert, wapelekeni. Kinyago cha Kimakonde kiliibwa humo mwaka 1984, kikaishia Geneva katika makumbusho ya Barbier-Mueller, kikarudishwa nchini 2010. Waulizeni watoto kwa nini mtu aibe uso, na kwa nini wengine wahangaike miaka yote hiyo kuudai.

Msiwachagulie mashujaa wote. Mpwa wangu alipomaliza Mkwawa alisema wa pili atakuwa mkunga aliyemzalisha mama yake usiku umeme umekatika. Nilitaka kumrudisha kwa Kinjekitile wa Maji Maji, nikajizuia. Mkunga yupo hai, anakaa mtaa wa pili, anaweza kwenda kumtazama vizuri na kumuuliza. Kinjekitile atamsubiri, ameshasubiri tangu 1905.

Spider-Man bado yupo, ananing'inia kwenye msumari kando ya Mkwawa mwenye shavu lililobonyea, na sijaona wakigombana. Kazi yenu ya leo ni ndogo: magazeti ya zamani msiyawashie jiko wala kuyafungia vitumbua. Yawekeni pembeni hadi Jumamosi.