Sahani ya Mama Iko Wapi?

Mpenzi msomaji, kama unaisoma safu hii kwa mara ya kwanza, sisi ni akina mama watano, majirani wa mtaa mmoja hapa Sinza, Dar es Salaam. Kila mwisho wa mwezi tunavunja kibubu chetu, tunawachukua watoto na kwenda kula chakula ambacho hatukukipika sisi. Kisha tunakusimulia. Sisi si mabingwa wa mapishi. Tunasema tu kama mama yeyote anavyosema anaporudi nyumbani ameshiba, au anaporudi na njaa yake.

Viwanja vya Sinza vilipimwa miaka ya 1970, katika mradi wa serikali uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ili watu wajijengee nyumba za kuishi. Leo ukipita Barabara ya Shekilango jioni, utadhani vilipimwa kwa ajili ya majiko. Ua wa mbele wa nyumba nyingi umekuwa baa, mgahawa au kibanda cha chipsi. Wengi wanaisifu Sinza kwa kitimoto, lakini huko hatuendi kwa pamoja, maana mwenzetu mmoja ni Mwislamu, na meza yetu ni ya wote watano.

Mwezi huu kibubu kilikuwa kizito kidogo, tukatoka mara tatu.

Kwanza tulikwenda kwenye nyama choma. Mbuzi alikuwa laini, ndizi zimeiva vizuri, na pilipili ya kukata na ndimu ilitutoa jasho. Lakini tulingoja saa nzima na dakika ishirini, na muziki ulikuwa mkubwa hata tukawa tunaongea kwa mikono. Nyama ilipofika, watoto wawili walikuwa wameshalala juu ya meza. Maoni yetu ni kwamba hapo ni pazuri kwa watu wazima wasio na haraka. Ukiwa na watoto, wape kitu cha kushika tumbo kabla hujatoka nyumbani.

Mara ya pili watoto ndio waliochagua, na bila shaka walichagua chipsi mayai. Zilikuwa tamu, hatukatai. Ila mmoja wetu alichungulia karai akaona mafuta meusi kama chai ya rangi, tena yanatoa moshi. Mafuta ya namna hiyo yamekaangiwa siku nyingi. Ndoo ya kunawia ilikuwepo, lakini sabuni haikuwepo. Sisi tuliokuwa hapa mlipuko wa kipindupindu ulipoanza jijini Agosti 2015 hatuwezi kulifumbia macho jambo hilo. Tulimwambia kijana muuzaji kwa upole, naye akatuma mtu dukani akanunue kipande cha sabuni. Akina mama, tusione aibu kuuliza. Anayekuuzia chakula hapotezi kitu kwa kuulizwa sabuni.

Mahali pa tatu ni kwa mama lishe mmoja mtu mzima, chini ya banda la mabati, kwenye mabenchi ya mbao. Hakuna kitambaa cha meza wala maua. Lakini sufuria zote zilikuwa na vifuniko, na kila alipofunua, mvuke ulipanda. Huo ndio uzuri tunaoutafuta siku hizi, kwa sababu chakula kinachopakuliwa kikiwa moto kina usalama kuliko kilichopoa kwenye sahani ya maua. Tulikula wali, maharage ya nazi, mchicha na kuku wa kienyeji wa mchuzi.

Hapo ndipo lilipotokea jambo lililotufanya tuandike. Mwenzetu mmoja, mama wa watoto wanne, alipowekewa sahani yake alianza kugawa. Paja akampa wa kwanza, kidari akampa wa pili, akaendelea hivyo hadi akabaki na shingo na wali mkavu. Wala hakuna aliyeshangaa. Sote tunafanya hivyo nyumbani. Tunapakua, tunagawa, tunakula mwisho, mara nyingi tumesimama jikoni tukikwangua sufuria.

Yule mama lishe alikuwa anatutazama. Alikuja na sahani nyingine imejaa, akaiweka mbele yake, akasema, "Mwanangu, hao nimeshawapakulia. Hii ni yako. Kaa ule."

Mwenzetu alijaribu kucheka, akashindwa. Machozi yalimtoka. Alituambia kwamba tangu azae mtoto wa pili, hakumbuki kama kuna mtu aliyewahi kumpakulia chakula. Mwanawe wa kwanza, ambaye ana miaka kumi na miwili, aliliangalia lile paja mkononi mwake, akalirudisha kimya kimya kwenye sahani ya mama yake.

Tulipolipa, mama lishe alikataa fedha ya sahani ile. Tukamwachia hivyo hivyo chini ya bakuli la chumvi, maana naye anatafuta.

Basi ukituuliza ni wapi tulikula vizuri mwezi huu, jibu letu ni kwenye banda lile la mabati. Lakini kibubu hakijai kila mwezi, na si kila familia ina fedha ya kula nje. Kwa hiyo tumekubaliana sisi watano kwamba mama atapakuliwa sahani yake pamoja na wengine, na mtu mwingine ndiye atakayempakulia, iwe baba au mtoto mkubwa. Wiki ya kwanza imepita. Nyumba tatu zimefaulu, mbili bado tunakumbushana.

Nawe jaribu nyumbani kwako, mpenzi msomaji, kisha utuandikie. Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.