Ushuhuda Usioogopa Kipimo

Tunasema wazi: kumwambia mgonjwa wa kisukari aache insulini kwa sababu ameombewa si imani. Ni kumjaribu Mungu kwa mwili wa mtu mwingine. Neno hilo linasemwa hapa Kirumba, mikutanoni na majumbani, wala hatuwezi kulinyamazia.

Wanaolitetea husema, "Mbona alipima kidoleni, sukari ikawa sawa?" Kipimo cha kidole huonyesha saa ile tu. Mtu akifunga siku moja, namba yaweza kushuka na ugonjwa ukabaki palepale. Lakini damu ina kumbukumbu ndefu. Sukari hujishikiza kwenye himoglobini, protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu. Ikizidi kwenye damu, hujishikiza zaidi, nayo hukaa humo hadi chembe ife, yapata siku 120. Ndiyo maana kipimo cha HbA1c husimulia miezi miwili mitatu iliyopita. Tangu mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani hutambua kisukari kwa asilimia 6.5 na kuendelea. Kwa mwenye selimundu, ambaye chembe zake hufa mapema, kipimo hicho chaweza kupotosha, na daktari hutumia kingine.

Wengine huuliza: sukari ni chakula alichotupa Mungu, itadhuruje? Ni kweli, mwili wenyewe hubandika sukari kwenye protini zake nyingi, zikiwemo kingamwili. Lakini huibandika kwa utaratibu, kwa vimeng'enya, mahali pake, ili protini ikunjike vizuri na kufanya kazi yake. Sukari iliyozidi haina utaratibu huo; hujigandisha ovyo. Protini za kuta za mishipa hufungamana na kukakamaa. Za lenzi ya jicho huchafuka, na mtoto wa jicho huja mapema. Figo na miguu navyo huumia. Yote haya huendelea kimyakimya, huku mgonjwa akisimama madhabahuni kushuhudia kwamba amepona.

Tusome Luka sura ya 17. Yesu aliwatuma wakoma kumi wakajionyeshe kwa makuhani, ambao kazi yao ilikuwa kukagua. Bwana hakuogopa uponyaji wake upimwe; sisi tunaogopa nini? Na Paulo alimwita Luka tabibu mpendwa, bila kuona kwamba utabibu wake unaitia doa Injili.

Basi tunadai mambo mawili. Ushuhuda wa kuponywa kisukari usitolewe kanisani kabla ya kipimo na neno la daktari. Tena, asiwepo mtumishi wa kumkatisha mtu dawa: mwenye kisukari cha aina ya kwanza akinyimwa insulini aweza kufa ndani ya siku chache. Tuwaombee wagonjwa bila kuchoka. Na anayemwekea mgonjwa mikono Jumapili, amsindikize pia siku ya kliniki.