Fundi wa seva: cheti au uzoefu?

Mfanyabiashara wa maharage Kasulu au Kibondo hampi mtu funguo za ghala kabla ya kumjua. Ajabu ni kwamba seva, yaani kompyuta mama inayoendesha programu ya akiba na mikopo ya SACCOS, hukabidhiwa kijana yeyote “anayejua kompyuta”.

Je, kumlipia mafunzo ni hasara? Wengi hudai akipata cheti atahamia Dar es Salaam. Hoja hiyo ina uzito. Lakini anayejifunzia kazini tu hujua yale yaliyokwisha kuharibika mikononi mwake. Umeme ukikatika katikati ya malipo wakati wa mavuno, mtaalamu wa kuitwa kutoka Dar es Salaam yuko zaidi ya kilomita 1,000.

Cheti na uzoefu si maadui. Hata VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, hutambua ujuzi wa mafundi wa fani kadhaa waliojifunzia kazini. Ushauri wetu: kazi kwanza, kisha mafunzo mafupi kwa mkataba wa kubaki. Akirudi, arejeshe nakala ya hesabu za jana mbele ya kamati. Akishindwa, cheti hicho hakitawalipa wanachama akiba zao.