Tufungue Tena Madarasa ya Jioni

Sensa ya 1967 ilionyesha kuwa takriban theluthi mbili ya watu wazima nchini Tanzania hawakujua kusoma wala kuandika. Mwalimu Nyerere akautangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka uliofuata kampeni ya kufuta ujinga ikaanza katika maeneo machache, yakiwemo Mafia, Ukerewe na Masasi. Hawakusubiriwa walimu wa vyuo. Aliyejua alimfundisha asiyejua. Kufikia 1986 takwimu za serikali zilisema wasiojua wamebaki chini ya asilimia 10. Lakini uchumi ulikuwa umeshayumba; mafungu yakakauka, madarasa yakafungwa, na aliyejifunza juzi akasahau kwa kukosa cha kusoma. Sensa ya 2022 inataja asilimia 83 ya wenye miaka 15 na zaidi kuwa wanajua kusoma na kuandika. Huenda vipimo vya vipindi hivyo havilingani, lakini bado tuna mamilioni ya watu wazima wanaoishi kwa kusomewa.

Na anayesomewa huamini anachoambiwa. Mkulima wa korosho hupeleka mzigo wake kwenye chama cha ushirika, akapewa stakabadhi yenye kilo, daraja na baadaye makato. Asipoweza kuisoma, hesabu yake ni ile aliyotajiwa na karani. Anayekopa kwa wale tunaowaita kausha damu huweka dole gumba chini ya masharti asiyoyajua, na siku ya kunyang'anywa kochi anaambiwa alikubali mwenyewe. Nyumbani, mama humpa mtoto wa darasa la nne karatasi ya majibu ya hospitali amsomee, na siri ya ugonjwa wake inakuwa ya mtoto kabla haijawa yake. Hata kwenye uchaguzi, sheria inamruhusu asiyejua kusoma kusaidiwa kupiga kura. Ni huruma njema, ila kura hiyo haina siri tena.

Wapo wanaosema tusijisumbue, maana watoto wanasoma na tatizo litaisha lenyewe. Lakini kila mwaka wapo wanaoacha shule kabla ya kumudu kusoma, nao ndio watu wazima wa kesho kutwa. Wengine husema simu imemaliza kazi, mtu anatuma sauti tu. Sauti inatosha kwa salamu. Mkopo wa kwenye simu huja na vigezo na masharti yaliyoandikwa, na tapeli naye hutuma ujumbe wa maandishi. Hoja nzito zaidi ni ya aibu na uchovu: nani atatoka shamba akakae dawati moja na mjukuu wake? Hilo ni kweli, ndiyo maana darasa lianze na stakabadhi, katiba ya kikoba na bahasha ya dawa, si na a-e-i-o-u ya watoto.

Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima inajitegemea kisheria tangu 1975, na vyumba vya shule za msingi hubaki vitupu jioni. Kinachokosekana ni sisi. Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila miezi mitatu: ndugu mwananchi, katika ujao omba ajenda ya darasa la jioni, na ukiulizwa nani atafundisha, jitaje.