Safari ndefu kwa gari la familia: Stara, swala na usalama



Shule zinapokaribia kufungwa, swali moja hurudi katika baraza za msikiti hapa Tarime: je, ni busara familia kununua gari dogo la kusafiria na kulala, yaani Noah iliyolazwa viti na kutandikwa godoro, ili iwazuru ndugu walioko Tanga, Kigoma au Dar es Salaam? Wapo wanaoliona jambo hili kuwa ni israfu. Wapo pia wanaolipenda hata wakasahau hatari zake. Leo tulipime kwa utulivu.

Jambo lenyewe si geni. Kampuni ya Volkswagen ya Ujerumani ilianza kutengeneza Kombi mwaka 1950, na mwaka uliofuata kiwanda cha Westfalia kikaanza kuzitia vitanda na makabati. Kwetu sisi, nafasi hiyo imeshikwa na Noah. Viti vyake vya nyuma hulala vikawa kitanda cha kuwatosha mama na watoto wawili au watatu wadogo. Baba na vijana wakubwa watafute mahali pengine.

Ama israfu, hutegemea nia na uwezo. Kuunga udugu ni wajibu, na gari la familia humhifadhia mama stara yake, humwezesha kunyonyesha nyuma ya pazia na kumpumzisha mzee njiani. Lakini gari lililonunuliwa kwa mkopo wa riba, au kwa ada ya watoto, limeanza safari vibaya. Tena bei ya kununulia ni mlango tu. Ndani yake mna bima, tairi, mafuta na fundi. Familia inayosafiri mara moja kwa mwaka huenda ikapata nafuu zaidi kwa kupanda basi.

Kutoka Tarime hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 1,300. Utavuka Mto Mara kwenye daraja la Kirumi, utapita Bunda, na ukifika Lamadi waweza kukunja kushoto kupitia Bariadi na Maswa hadi Shinyanga. Dereva mmoja asithubutu kuimaliza njia hii kwa siku moja. Usiku wa kwanza alale Shinyanga au Nzega, wa pili Dodoma. Noah za zamani, zilizoanza kutoka mwaka 1996, injini yake iko chini ya viti vya mbele. Kwa hiyo maji ya rejeta yakaguliwe kila asubuhi injini ikiwa imepoa.

Ndugu zetu wa Mugumu wanaokata njia ya Arusha kupitia lango la Ikoma wana hesabu nyingine. Hifadhi ya Serengeti na eneo la Ngorongoro kila moja lina ada yake, mwendo ndani ya hifadhi hauzidi kilometa 50 kwa saa, na hairuhusiwi kuendesha usiku wala kulala popote utakapo, ila kwenye kambi zilizotengwa. Mtume (S.A.W.), kama ilivyopokewa katika Sahihi Muslim, aliwaelekeza wasafiri wanaopumzika usiku wajiepushe na njia, kwa kuwa ni mapito ya wanyama na wadudu. Mafunzo hayo yanatufaa porini, na yanatufaa kando ya barabara kuu yenye malori.

Kwa hiyo tafuta uwanja wenye mlinzi: kituo cha mafuta, nyumba ya wageni au msikiti. Ukichagua msikiti, fika kabla ya Isha, jitambulishe kwa imamu au katibu, uombe ruhusa, uulize choo cha wanawake kiko wapi. Usiegeshe kimyakimya usiku wa manane.

Sasa nifikie jambo linalonitia hofu kuliko yote. Baridi ikizidi, wapo wanaoingiza jiko la mkaa ndani ya gari, au kuacha injini ikiunguruma vioo vikiwa vimefungwa. Mkaa na moshi wa injini hutoa kaboni monoksaidi, sumu isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala haamki kukohoa. Huzidi kulala mpaka roho itoke. Mtume (S.A.W.) alipoelezwa kuwa nyumba moja ya Madina imeungua usiku na wenyewe wamo ndani, aliamrisha moto uzimwe kabla ya kulala. Basi pikeni nje, zimeni injini, acheni kioo wazi kidogo, na baridi ikingwe kwa blanketi.

Kuhusu swala, katika madhehebu ya Imam Shafi umbali wa kupunguza ni kama kilometa 80 na ushei. Adhuhuri, Alasiri na Isha huswaliwa rakaa mbili mbili baada ya kuyaacha majengo ya mji. Magharibi na Alfajiri hazipunguzwi. Mwenye kulala garini asidhani gari limekuwa nyumba yake. Wanazuoni waliijadili hali ya nahodha aishiye chomboni na ahali zake: Imam Ahmad alimtaka akamilishe, Imam Shafi akamruhusu kupunguza, ingawa kukamilisha ni bora. Wewe mwenye nyumba Tarime ni msafiri kama wengine.

Mwisho, chagueni amiri wa safari kabla ya kuondoka. Na amiri akisema dereva amechoka, gari lisimame, hata kama bibi anawasubiri kwa chakula cha jioni. Bibi huyo angependa zaidi kuwaona kesho mkiwa hai.

Wabillahi tawfiq.