Karani na Macho Yake

Katika afisi moja niliyopata kufanya kazi alikuwako karani hodari, mzee wa miaka 50 na zaidi. Kila asubuhi alikuwa akizisogeza karatasi mbali na uso, mpaka mkono ukafika mwisho wake. Tulipomshauri atafute miwani alikasirika, akasema kwamba miwani ni ya vikongwe. Siku moja aliandika Sh. 3,000 mahali pa Sh. 8,000, na aibu aliyokuwa akiikimbia ikamjia mbele ya afisi nzima.

Mtu akifikia umri wa miaka 40 hivi, lenzi iliyo ndani ya jicho huwa ngumu, isiweze tena kujigeuza kwa kutazama vitu vya karibu. Hayo si maradhi; ni umri, na msaada wake ni miwani ya kusomea.

Lakini si kila upungufu wa macho ni umri tu. Uko mtoto wa jicho, yaani lenzi kuingia ukungu. Huo hauondolewi kwa majani wala kwa matone, ila kwa kupasuliwa na kutiwa lenzi nyingine, kazi aliyoianza Dr. Harold Ridley mjini London mwaka 1949.

Adui wa hila zaidi ni glakoma. Huja kimya kama mwizi. Mara nyingi haiumi, nayo huanza kula pembezoni mwa maono, hata mgonjwa aweza kusoma gazeti barabara huku mshipa wa jicho unakufa. Kilichopotea hakirudi, bali kilichosalia chaweza kulindwa kwa dawa. Ambaye mzazi au ndugu yake anayo, hana budi kupimwa mapema. Hali kadhalika mwenye kisukari, kwa maana ugonjwa huo huharibu mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho.

Mzee wetu alipokubali kwenda kwa daktari kutafuta miwani, alikutwa na glakoma. Jicho moja lilikuwa limekwisha haribika sana. La pili likawahiwa.

Basi, ndugu zangu, miwani ya sokoni yaweza kukusomesha barua, lakini haitakuambia kama mwizi yumo nyumbani. Ukitimiza miaka 40, nenda ukapimwe. Wahenga walisema: Mficha maradhi, kilio kitamfichua.